Profesa ana machapisho 312 ya moyo na Alzheimer. Je, tumnunulie baba dawa yake?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Baba yangu ana miaka 71, ni mstaafu wa reli. Presha anayo tangu akiwa kazini, ila dawa anameza siku akijisikia vibaya tu. Tangu mwaka jana amekuwa msahaulifu: anauliza jambo moja mara tatu, na juzi alipotea njia akirudi kutoka sokoni Mwanga. Mdogo wangu ameleta dawa lishe kutoka Dar, boksi la mwezi mmoja shilingi 180,000, limeandikwa linasafisha mishipa ya moyo na kurudisha kumbukumbu. Ndani yake kuna ginkgo, vitamini E na mafuta ya samaki. Muuzaji alitoa pia kurasa nne za orodha ya kazi za profesa wa Marekani mwenye machapisho 312 kuhusu moyo na Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau. Nimemtafuta mtandaoni, kweli yupo. Mtu aliyeandika yote hayo anaweza kudanganya? Na inakuwaje mtu mmoja awe bingwa wa moyo na wa ubongo kwa pamoja?"

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa baba. Kupotea njia anayoipita tangu ujana si jambo la kusema "ni uzee tu", na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua boksi la pili. Msilinunue. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nimtoe profesa kwenye lawama, maana sina sababu ya kuamini kwamba anadanganya. Huenda hata hajui kwamba orodha yake inatembezwa pamoja na boksi hilo.

Nimezisoma zile kurasa nne ulizonipigia picha. Vichwa vya makala ni vya heshima: lehemu (kolesteroli), mishipa ya damu, jeni, protini za ubongo. Nimepita mstari kwa mstari nikitafuta makala moja tu ambayo watu walipewa mchanganyiko ulioandikwa kwenye boksi lenu, wakalinganishwa na wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Haimo. Yaani muuzaji ameweka vitu viwili vya kweli mezani, profesa aliyepo na boksi lililopo, akawaachia ninyi kuviunganisha. Kamba ya kuviunganisha hakuileta.

Hilo swali lako la pili limenifurahisha, kwa sababu watu wengi huona moyo na ubongo kama wilaya mbili zisizopakana. Kwa watafiti ni jambo la kawaida kabisa mtu kuanza na moyo akaishia kwenye Alzheimer, na njia yenyewe inajulikana. Kuna protini iitwayo apoE, inayobeba mafuta ndani ya damu. Robert Mahley na wenzake waliichunguza tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya lehemu na kuziba kwa mishipa ya moyo, na taasisi ya Gladstone aliyoiongoza kule San Francisco tangu 1979 ilianza kama taasisi ya utafiti wa moyo. Kisha mwaka 1993 kundi la Allen Roses wa Chuo Kikuu cha Duke likaonyesha kwamba aina moja ya jeni ya protini hiyohiyo, iitwayo e4, inaonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wa Alzheimer. Ghafla watu waliokuwa wanasoma mafuta ya damu wakajikuta wanasoma kumbukumbu. Mahley mwenyewe aliendelea na ubongo kwa miaka mingi baada ya hapo.

Njia ya pili ni mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1948 watafiti waliandikisha wakazi 5,209 ili kujua kwa nini watu wanakufa kwa moyo. Waliwapima, wakarudi baada ya miaka miwili, wakarudi tena na tena. Kufikia miaka ya 1960 tulikuwa tumejifunza kutoka kwao kwamba presha, lehemu na sigara huleta ugonjwa wa moyo. Watu wale walipozeeka, baadhi wakaanza kusahau, na watafiti wakawa na kumbukumbu za presha zao za miaka 30 nyuma. Daftari la moyo likageuka kuwa daftari la ubongo. Kwa hiyo mchanganyiko wa mada kwenye orodha ya profesa wako si dalili ya utapeli. Ubongo hula damu nyingi ukilinganisha na uzito wake, na kinachoharibu mirija ya moyo huharibu na mirija yake.

Sasa namba 312. Wewe ni mwalimu, nikuulize: mwanafunzi akikuletea madaftari 20 yaliyojaa, utampa alama kwa kuhesabu madaftari? Utafungua. Na kwenye orodha ya mtafiti kuna madaftari ya kila aina. Kuna makala ambazo yeye ndiye aliyeshika kazi. Kwa desturi ya fani ya tiba, jina la kwanza huwa la aliyefanya kazi kubwa, na la mwisho la kiongozi wa maabara. Kuna makala ambazo jina lake ni moja kati ya mamia, kwa mfano zile tafiti kubwa za jeni. Ile ya mwaka 2013 iliyounganisha watu 74,046 ilikuwa na waandishi zaidi ya mia moja. Kuna mapitio ya kazi za wengine, barua fupi kwa mhariri, na maoni. Kuna majaribio ya panya. Zote huhesabiwa moja moja, na zote ni halali, lakini hazina uzito sawa hata kidogo.

Kuna pia kipimo kinachoitwa h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtu mwenye h ya 40 ana makala 40 ambazo kila moja imerejelewa na wengine angalau mara 40. Kinasaidia kutofautisha anayeandika bila kusomwa na anayesomwa. Ila makala inaweza kurejelewa kwa sababu ni nzuri, kwa sababu ni ya zamani, au kwa sababu watu wanaipinga. Sikitegemei sana.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu ndilo jibu la swali lako la msingi: watu waaminifu, wenye machapisho mamia, wanaweza kukosea pamoja? Wanaweza. Imewahi kutokea, na ilitokea hasa kwenye moyo na Alzheimer.

Kwa miaka mingi wanawake wa Marekani na Ulaya waliokoma hedhi walipewa vidonge vya homoni. Tafiti moja baada ya nyingine zilionyesha kwamba wanaotumia homoni hupata shambulio la moyo mara chache kuliko wasiotumia. Nyingine zikaonyesha hata Alzheimer iko chini kwao. Makala zilikuwa nyingi, majarida yalikuwa makubwa, na waandishi walikuwa mabingwa. Madaktari waliandika dawa hizo kwa nia njema kabisa.

Kisha likaja jaribio la kweli. Mwaka 1998 wanawake 2,763 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo waligawanywa kwa kura, nusu homoni, nusu kidonge kisicho na dawa. Homoni hazikuwakinga. Mwaka 2002 jaribio kubwa zaidi, la wanawake 16,608, lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliopewa homoni walikuwa wanapata zaidi saratani ya matiti, kiharusi, na hata shambulio la moyo lenyewe. Na mwaka 2003 ikatoka sehemu ya kumbukumbu: kati ya wanawake 4,532 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, waliopata upotevu wa akili, yaani dementia, walikuwa 40 upande wa homoni na 21 upande wa pili. Dawa iliyoaminiwa kulinda ubongo iliongeza hatari karibu mara mbili.

Tafiti za mwanzo zilikosea wapi? Waliochagua kutumia homoni walikuwa na kipato zaidi, elimu zaidi, na waliwaona madaktari mara kwa mara. Walikuwa na afya kabla ya kidonge. Ni sawa na kulinganisha watoto wanaokunywa maziwa kila asubuhi na wasiokunywa, ukaona wa maziwa wanafaulu, ukasahau kuuliza ni nyumba zipi zenye ng'ombe. Kura huondoa tatizo hilo, kwa sababu haimuulizi mtu ana ng'ombe au hana. Ndiyo maana makala moja ya jaribio la kura lililofanywa vizuri naithamini kuliko makala 50 za kutazama tu.

Na hapa bahati iko upande wenu, Mwalimu, kwa sababu vilivyomo kwenye boksi la baba vimeshapitia jaribio la aina hiyo; nitaje viwili. Ginkgo ilipimwa kwa watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliimeza mara mbili kwa siku kwa takriban miaka sita. Haikuzuia Alzheimer wala upotevu mwingine wa akili. Walipotazamwa kwa upande wa moyo, haikupunguza mashambulio ya moyo wala kiharusi. Vitamini E ilipimwa kwa watu zaidi ya 9,500 waliokuwa kwenye hatari ya ugonjwa wa moyo, matokeo ya mwaka 2000, na haikuwakinga. Nisiifiche ya upande wa pili: mwaka 2014 dozi kubwa sana ya vitamini E ilionekana kuchelewesha kidogo wagonjwa wa Alzheimer kushindwa shughuli za kila siku. Kumbukumbu haikurudi, na dozi ile si ya kumeza bila kusimamiwa na daktari. Kama baba anatumia aspirini ndogo ya moyo, nina wasiwasi zaidi, maana ginkgo inashukiwa kuongeza uvujaji wa damu. Mwambieni daktari kwamba alishaanza kuitumia.

Nigusie udanganyifu, kwa kuwa uliuliza. Upo, ila ni mchache kuliko makosa ya kweli. Makala moja ya mwaka 2006 kwenye jarida la Nature, kuhusu protini iliyodaiwa kuharibu kumbukumbu za panya, ilirejelewa zaidi ya mara 2,000 kabla ya kuondolewa mwaka 2024 kwa sababu picha zake zilionyesha dalili za kuchezewa. Upande wa moyo, mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali mshirika wake waliomba makala 31 za maabara moja zifutwe, nyingi zikihusu chembe hai (seli) zilizodaiwa kujenga upya misuli ya moyo. Makala 31 za mtu mmoja! Ukihesabu tu, ungemwona bingwa. Aliyetaka kujua ukweli alipaswa kuuliza swali jingine: je, maabara za watu wengine walipojaribu, walipata matokeo yaleyale? Kwa zile chembe za moyo wengine walikuwa wanashindwa kwa miaka mingi, na walikuwa wanasema.

Unaweza kukagua mwenyewe kwa simu yako, ni bure. Hazina iitwayo PubMed, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iko wazi kwa kila mtu tangu 1997 na ina taarifa za makala zaidi ya milioni 35. Andika jina la ukoo la profesa na herufi ya jina lake la kwanza. Tahadhari: majina hufanana, na orodha ya watu watatu inaweza kuonekana ya mmoja. Watafiti wengi siku hizi wana namba ya utambulisho ya ORCID yenye tarakimu 16, ambayo ni ya mtu mmoja tu, kama vile namba ya mtihani. Kisha tumia kichujio cha aina ya makala ubaki na majaribio ya tiba peke yake. Kwa profesa wako, 312 zitashuka sana. Makala iliyofutwa huwekewa alama wazi, hutaikosa. Mwishoni mwa makala nyingi kuna aya ya maslahi, panapotajwa nani amelipwa na kampuni gani. Mimi huanza kusoma hapo.

Jambo jingine: watu gani walipimwa? Sehemu kubwa ya tafiti hizi ni za Wazungu wa Marekani na Ulaya. Lakini si zote. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, na wa Indianapolis, Marekani, walifuatilia wazee wa Kiyoruba na wazee Wamarekani weusi kwa njia moja, na mwaka 2001 wakaripoti kwamba Alzheimer mpya kwa mwaka ilikuwa asilimia 1.15 kule Ibadan na asilimia 2.52 kule Indianapolis. Presha, kisukari na lehemu vilikuwa vichache zaidi kwa wale wa Ibadan. Hapa kwetu, utafiti wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 wana upotevu wa akili. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, na kwamba mzee wa kwetu akichanganyikiwa amerogwa. Najua katika mitaa yenu kuna watakaosema hivyo kuhusu baba. Mkatalie anayesema, kwa upole lakini mkatalie, kabla maneno hayajamfikia mzee.

Tumrudie sasa yeye. Katika maandishi yako yote, mstari ulionishtua ni ule wa dawa za presha kumezwa "siku akijisikia vibaya tu". Presha haina siku ya kujisikia. Na hapa kuna ushahidi wa kura, wa watu halisi. Mwaka 1998 jaribio la Ulaya kwa wazee wenye presha lilionyesha kwamba waliotibiwa walipata upotevu wa akili kwa nusu ya kiwango cha wasiotibiwa. Mwaka 2019 zilitoka habari za kumbukumbu za jaribio la Marekani la watu 9,361: waliokazwa namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 badala ya 140 walipata udhaifu wa mwanzo wa kumbukumbu pungufu kwa asilimia 19. Upotevu kamili wa akili nao ulipungua, ila kwa kiasi ambacho kingeweza kuwa bahati. Usimshushe baba hadi 120 kwa kukisia nyumbani, hilo ni la daktari wake, kwa kuwa mzee akishushwa haraka anaanguka. Lakini kumeza dawa kila siku, saa ileile, halihitaji ruhusa ya mtu.

Mpelekeni Hospitali ya Maweni, na msiende mkiwa mmeshaamua kwamba ni Alzheimer. Kuna visababishi vya kusahau vinavyotibika, na kwa umri wake ni lazima vitafutwe: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, kaswende ya zamani, VVU, sonona, kisukari kisichojulikana, dawa za usingizi, au damu iliyovia ndani ya fuvu baada ya kuanguka siku ambayo kila mtu ameisahau. Apimwe masikio pia. Mzee asiyesikia vizuri hujibu kombo na watu husema amesahau, na uziwi wenyewe umo katika vihatarishi 14 vya upotevu wa akili vilivyoorodheshwa na jopo la jarida la Lancet mwaka 2024. Jopo hilo linakadiria kwamba vikidhibitiwa vyote, karibu asilimia 45 ya upotevu wa akili duniani ungezuilika au kucheleweshwa. Mwambie daktari pia kama kusahau kuliongezeka kidogo kidogo au kulikuja kwa vishindo, leo yuko sawa, kesho ameshuka ngazi, akatulia, akashuka tena. Hiyo ya ngazi hunifanya nifikirie viharusi vidogo kabla ya Alzheimer.

Kama itakuwa ni Alzheimer kweli, nitakuwa mkweli kwako: hakuna dawa popote duniani inayorudisha kumbukumbu iliyopotea. Ile mpya iliyosifiwa sana, lecanemab, katika jaribio la wagonjwa 1,795 wa hatua ya mwanzo, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Katika jaribio hilo ilikuwa dripu ya kila wiki mbili, na inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Kupunguza kasi ndio upeo wa sayansi kwa sasa, na boksi la 180,000 linadai limeupita.

Kuhusu chakula, usimnyang'anye mzee mgebuka wake. Samaki wa ziwani ni chakula chema. Punguza chumvi, na upunguze mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha lehemu. Mtu wa Kigoma kuambiwa apunguze mawese ni neno zito, najua, kwa hiyo anza na kupunguza kijiko, usianze na kuficha chupa.

Fedha iliyobaki ya boksi la pili, ulizieni bei ya kipimo cha presha cha kufunga kwenye mkono wa juu. Baba akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, ndipo upime asubuhi na jioni kwa siku saba. Andika kila namba na tarehe kwenye daftari, na ukurasa wa pili andika siku zote unazokumbuka alizosahau au kupotea. Siku ya kliniki beba daftari hilo pamoja na kila dawa iliyomo ndani ya nyumba, za hospitali, za mitishamba, na boksi lenyewe.